Kwa Nini Kozi Hashuki Mkononi

Ilikuwa siku ya nne tangu mwezi wa mavuno uandame, jua likiwa ndio kwanza limeligusa jiwe la kusagia uani, Mghoi alipofanya kosa lake. Zamani hizo kozi, ndege wawindaji wa jamii ya mwewe, hawakuishi porini. Walilala majumbani mwa watu, juu ya kijiti kando ya mlango. Waliwinda kwa ajili ya wenye nyumba, kisha wakarudi wenyewe.

Mghoi alimlea kozi wake tangu akiwa kinda la manyoya meupe. Alimbeba kwenye mkono wa kushoto, aliouzungushia ngozi ya mbuzi, na miguuni alimfunga kamba fupi za ngozi za kumshikia. Kila jioni alimpapasa mfupa wa kifua. Ukiwa umefunikwa na nyama, kesho yake hakumrusha, maana kozi aliyeshiba hana haja na mtu. Ukiwa umechongoka, alimlisha na kumpumzisha. Na ini la windo la kwanza lilikuwa haki ya ndege. Alilila palepale, mkononi.

Siku hiyo wazee wa upande wa mchumba walikuwa njiani kuja kumwona. Mama yake, Wakesho, alimpapasa ndege, akashtuka.

"Mfupa huu ni kisu, mwanangu. Mlishe, leo asiruke."

"Akila hatawinda, mama. Wageni niwape mchicha?"

"Mchicha haujawahi kumuua mkwe."

Mghoi alicheka, akaenda. Kozi alikamata kwale. Mghoi akamnyang'anya, akamtia kwale kapuni bila kumpasua. "Bado kidogo, baba," alimbembeleza ndege. "Mmoja tu." Wa pili naye akaenda kapuni vilevile. Alipokamata wa tatu, kozi hakumngoja. Alipaa naye hadi ng'ambo ya bonde, kamba zikining'inia miguuni.

Kamba hizo ndizo zilizomtia Mghoi hofu. Kozi akitua mtini nazo hunaswa, na akinaswa hufa kichwa chini. Alilitupa kapu, akawasahau wageni, akaita hadi sauti ikamkauka. Jua likizama alimkuta kwenye mgunga, amening'inia, mabawa wazi, bado anahema. Alipanda huku miiba ikimchana. Hakuwa na kisu, kwa hiyo alizitafuna kamba mpaka zikakatika. Kozi alitua kwenye ngozi ya mkono wake, akamtazama kitambo. Kisha akaruka.

Na tangu siku hiyo kozi wote walihama majumbani. Hata leo utamwona akizunguka juu ya paa na kupiga mbinja. Huzunguka kwa kuwa anaujua mlango. Hashuki kwa kuwa anaukumbuka mkono.

Wengine husimulia kwamba Mghoi aliwapikia wageni wale kwale. Hapana. Wageni walikula mchicha wa Wakesho, wakalala. Asubuhi iliyofuata Mghoi alishuka bondeni akalirudisha kapu, akawapasua kwale, akatoa maini. Alifunga ngozi mkononi, akasimama uani. Kozi alikuja, akazunguka, akalia. Mghoi hakumwita. Jua lilipoligusa jiwe la kusagia, aliyaweka maini juu yake, akaingia ndani na kufunga mlango, ili ndege asiuone mkono wake.