Kahawa Iliyokaza Bolti za Turbo

Hii nimetumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa. Isome mpaka chini. Ukiipenda, mpelekee mwenzako mmoja. Usipompelekea hakuna balaa litakalokupata. Utakuwa umemnyima tu.

Katika mji mmoja mdogo wa bara palikuwa na karakana ya serikali, na karakana hiyo ilikuwa na lori moja la maana: lori la dizeli lililobeba tangi la maji kwenda vijiji vya nyuma ya mlima. Dereva wake aliitwa Mzee Lugendo, mtu aliyefiwa na mkewe zamani, mwenye sauti kubwa na moyo mwoga. Fundi wake alikuwa Mama Nyamizi, mjane, mwenye sauti ndogo na spana kubwa.

Walikuwa na utaratibu wao. Mama Nyamizi akimaliza kutengeneza, Mzee Lugendo alilipeleka lori hadi kwenye mizani ya barabara kuu na kulirudisha, eti kulijaribu. Kisha waliketi kwenye benchi la karakana wakanywa kahawa kwa kashata na kusemana.

"Unaendesha kama unafukuza mwizi."

"Nawe unakaza bolti kama umeshamkamata."

"Kunywa, mzee, kahawa inapoa."

Birika likiisha, Mama Nyamizi aliinuka akapitisha spana tena kwenye bolti za turbo, taratibu, mpaka maneno nayo yaishe. Ndipo lori lilipotoka.

Turbo, kwa ambaye hajawahi kuiona, ni konokono wa chuma anayeisukumia injini hewa ili lori lipate nguvu mlimani. Bolti zake zikilegea, moshi huvuja, lori likapiga mluzi kama birika na kupanda mlima kama mgonjwa anayekwenda chooni.

Siku moja akaja mkuu mpya wa karakana, Bwana Mutalemwa. Alikuwa mtu mwema, msomi, mwenye mapenzi ya dhati kwa nyaraka. Alipoingia tu akakuta lori limesimama na benchi limekaliwa. Jioni waraka ulikuwa ubaoni: gari lililokwisha kutengenezwa litoke getini papo hapo, lisirudi ila kwa hitilafu mpya, na vinywaji vya moto ni marufuku ndani ya uzio.

Mzee Lugendo aliusoma, akausoma tena.

"Mtu wa Bukoba, aliyekulia chini ya mibuni, kupiga marufuku kahawa! Mama yake anajua?"

Haukupita muda lori likaanza mluzi. Likitengenezwa, linatoka, likitoka, linarudi, bolti za turbo zimelegea. Zikafungwa bolti mpya, nazo zikalegea. Ikaundwa kamati. Kamati ikakaa, ikala, ikagundua kwamba mluzi husikika zaidi kwa walio karibu nao, ikapendekeza iundwe kamati kubwa zaidi. Nyuma ya mlima, watu walikuwa wanapanga ndoo zao kando ya barabara na kurudi nazo tupu.

Bwana Mutalemwa akaamua kufikiri peke yake. Lori likiharibika, linarudi karakana. Likirudi karakana, dereva anamwona fundi. Akawaita wote wawili ofisini.

"Mzee Lugendo, bolti hizi unazilegeza mwenyewe."

"Mimi?"

"Ili urudi hapa kwa Mama. Karakana nzima inajua unavyopenda kurudi."

Mzee Lugendo akatazama dari. Mama Nyamizi akatazama sakafu. Kwamba alipenda kurudi, hakuna aliyekanusha; na kwa sababu hiyo lile la kulegeza nalo likaonekana kweli.

"Mkuu," alisema hatimaye Mzee Lugendo, "kule watu wananijua kwa honi. Watoto wao wananiita Babu Maji. Nitawanyimaje maji?"

"Basi kesho napanda nawe, nikutazame. Bolti zikilegea mbele yangu, nitakuomba radhi. Zisipolegea, utaacha ufunguo wa lori mezani kwangu, uende nyumbani moja kwa moja."

Asubuhi Mama Nyamizi alizikaza bolti, mkuu akiwa amesimama kando yake. Juu ya kila moja akapiga mstari wa rangi nyeupe uliovuka mpaka kwenye chuma cha pembeni, ili bolti ikizunguka hata kidogo mstari ukatike. Bwana Mutalemwa akapanda na mkoba wake magotini. Na Mzee Lugendo, kwa mara ya kwanza maishani, akamwomba Mungu gari limharibikie.

Mungu hakuwa na haraka. Lori lilipita mizani, likapita daraja, likaanza mlima likinguruma kwa raha kama simba aliyeshiba. Jasho likamtoka dereva.

"Gari liko vizuri," alisema mkuu, kwa huzuni kidogo, maana alikuwa ameanza kumpenda mzee huyu.

Walipokuwa kwenye kona ya mwisho, mluzi ukalia. Mzee Lugendo nusura apige vigelegele.

Wakasimama, wakafungua boneti. Mistari myeupe ilikuwa imekatika. Bwana Mutalemwa akanyoosha kidole kugusa.

"Usiguse! Itakubabua. Lazima ipoe kwanza."

"Itachukua muda gani?"

"Mpaka ipoe, mkuu. Yenyewe haijasoma waraka."

Wakakaa juu ya jiwe. Bwana Mutalemwa akaomba radhi kama alivyoahidi, bila kupunguza neno. Kisha akatoa mfukoni kifuko cha gamba la mgomba, zawadi ya mama yake, chenye buni kavu, punje za kahawa ambazo kwao mgeni hupewa atafune. Akammiminia mwenzake kiganjani.

"Mkuu! Marufuku!"

"Waraka unasema vinywaji. Hii inatafunwa. Tena hapa hapana uzio."

Wakatafuna, wakazungumza. Mkuu akauliza zamani mambo yalikuwaje, naye Mzee Lugendo akamsimulia mizani, benchi, kashata na spana ya mwisho. Chuma kilipopoa alizikaza bolti kwa spana yake. Wakamaliza mlima, wakashusha maji, wakapokewa kwa shangwe, wakarudi. Mluzi haukusikika tena njia nzima.

Bwana Mutalemwa hakupitia ofisini. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Nyamizi.

"Mama, zamani ulikuwa unazikaza tena lori likishapoa. Ulijua kwamba zinahitaji?"

Mama Nyamizi akaipangusa spana iliyokuwa safi tayari.

"Niseme kweli?"

"Kweli."

"Nilijua nimeshazikaza. Nilikuwa napitisha spana tu ili asiondoke upesi."

Mzee Lugendo akakohoa.

"Nami kule mizani sikuwa najaribu kitu. Nilikuwa natafuta sababu ya kurudi."

Mkuu akaketi kwenye benchi, akacheka mpaka akavua miwani. "Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hukaa upya," alisema. "Bolti iliyokazwa mara moja, ikiwa baridi, lazima ilegee. Miaka yote mmekuwa mkilitengeneza lori hili bila kujua, nami nikaja nikapiga marufuku matengenezo bila kujua. Watatu sisi, na hakuna aliyejua linashikiliwa na nini!"

Kuufuta waraka kulihitaji kamati, na kamati aliiogopa. Kwa hiyo akaubandikia mwingine juu yake: kila gari lenye turbo litatembezwa, litapozwa, kisha litakazwa tena, upozaji usimamiwe na dereva na fundi, wakiwa wameketi, vifaa vinavyohitajika ni spana, birika na vikombe viwili.

Mzee Lugendo aliusoma kwa sauti yake kubwa. Alipofika mwisho sauti ikapungua.

"Vikombe viwili, Nyamizi. Na nyumbani je? Kwangu kimebaki kimoja."

Mama Nyamizi akainuka, akazijaribu bolti. Zilikuwa zimekaza. Akazijaribu tena.

"Kunywa kwanza, mzee, kahawa inapoa. Ukimaliza, tuma mshenga."

Mshenga alikuwa Bwana Mutalemwa. Posa aliipeleka kwa maandishi, pamoja na nakala.

Funzo: Kilichofungwa kikiwa baridi hulegea kikipita motoni, kikaze tena kikishapoa, iwe bolti, iwe urafiki, iwe ndoa. Na kabla hujaondoa kikombe cha mwenzako, tazama kwanza kinashikilia nini.