Wimbo wa Mwalimu Mbonea na Sura Zinazocheka

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura kumlaghai fisi, bali zamani ya juzijuzi tu, kompyuta zilipokuwa zimekwisha kupanda milima ya Upare na kuingia hata katika ofisi za usharika wa kanisa, aliishi mama kijana jina lake Nakijwa. Na aliyemletea Nakijwa habari hii kwa mara ya kwanza alikuwa Bibi Elieshi, mfagizi wa ofisi ya usharika.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nakijwa alikuwa akimwogesha mwanawe Elinipa kwenye karai, Bibi Elieshi akaingia uani na ufagio bado mkononi.

"Mama Elinipa! Mfute mtoto uje. Ile kompyuta imebadilika."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, lakini salamu zisubiri. Nimeingia kufuta vumbi, naikuta imejiwasha yenyewe, inanitazama kwa rangi nisiyoijua. Vitu vyote vimehama. Mimi nota sizijui, lakini nyumba iliyoibiwa naijua."

Nakijwa akamnyanyua mtoto kutoka majini. Akamfunga mtoto mgongoni akiwa bado na povu masikioni, wakatoka mbio.

Sasa sikilizeni kwa nini alikimbia.

Katika usharika ule palikuwa na mzee aitwaye Mwalimu Mbonea, mwalimu wa kwaya kwa miaka arobaini. Macho yake yalikuwa yamekwisha, na kumbukumbu nayo ilikuwa ikimtoka kama maji kwenye kikapu. Mkewe, Nankondo, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Jumapili ile ndiyo ingekuwa ibada ya kumkumbuka. Mzee akamtungia wimbo wa sauti nne, jina lake "Umenitangulia Kisimani". Kwa kuwa hakuona kuandika, aliuimba kidogo kidogo, sauti moja baada ya nyingine, na Nakijwa, mwanakwaya wa sauti ya pili, akauchapa kwenye kompyuta kwa nota: d, r, m, f, s na wenzake, na nukta pacha, zile mbili zilizopandana, kati ya pigo na pigo. Kazi hiyo ilichukua majuma sita. Ilimalizika Jumatano, kurasa mbili kamili. Nakijwa akajaribu kuchapisha. Mashine ile huanzia ukurasa wa mwisho: wa pili ukatoka na wino uliofifia, akautupa. Ukurasa wa kwanza haukutoka kabisa, wino ulikuwa umekwisha. Pale ofisini wakasema wino utaletwa kesho.

Na Mwalimu alikuwa amesema mbele ya kwaya yote: "Wimbo huu ukishaimbwa, nitaiweka fimbo yangu ya kuongozea. Nitampa mmoja wenu." Nakijwa aliyasikia maneno hayo akainamisha kichwa, maana alikuwa mtu wa haya. Lakini hakuna aliyejua kwamba jikoni kwake, akisonga ugali, aliwahi kuuinua mwiko na kuzileta sauti nne pamoja, na sufuria zikatii. Aliitaka fimbo ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Basi, turudi kwenye kompyuta.

Kwa miezi mitano ilikuwa ikiuliza swali lile lile: *Mfumo mpya uko tayari. Sasa au Baadaye?* Mchungaji alipoulizwa, alibonyeza Baadaye. Karani Kajiru alipoulizwa, alibonyeza Baadaye. Nakijwa alipoulizwa, alitazama huku na huku kama anayeiba muwa, akabonyeza Baadaye. Jumatano jioni, Kajiru akitaka kufunga ofisi, ikamuuliza tena. Safari hii Baadaye haikuwepo. Palikuwa na neno moja tu: *Kubali*. Kajiru alikuwa na njaa, na mvua ilikuwa inakuja. Akakubali.

Nakijwa alipofika alimkuta Kajiru ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Nyimbo ziko wapi, Kaka Kajiru?"

"Inasema imezihamishia kwenye wingu."

"Wingu gani?"

"Sijui, dada. Wingu lao. Inasema ni kwa usalama wetu."

Bibi Elieshi akachungulia dirishani, akalitazama anga. "Mtu akichukua mbuzi wangu akampeleka kwake bila kuniuliza, halafu aniambie ni kwa usalama wa mbuzi, mimi hujua mbuzi ataliwa."

Wakaenda kwa Mwalimu. Nakijwa akamwambia kwa sauti ndogo. Mzee akajaribu kuuimba tena. Ukaja wimbo mwingine wa zamani, wa Pasaka. Akajaribu tena. Ukaja ule ule wa Pasaka. Machozi yakamtiririka.

"Umeshanitoka," akasema. "Nilimtungia mke wangu, nanyi wimbo wake mmempa mtu asiyemjua. Sikilizeni. Atakayeniletea wimbo wangu kabla ya Jumapili, huyo ndiye nitakayempa fimbo."

Kajiru akaondoka mbio. Akaibeba mgongoni ile kompyuta ya ofisi, maana ilikuwa mpakato, akaifunika kwa nailoni, akapanda mpaka juu ya msitu, mahali paitwapo Kwa Halo, kwa sababu mvua ilikuwa imeukata mtandao wa ofisini, na hapo ndipo watu hupanda kupiga simu. Alikaa huko Alhamisi, akashinda huko na Ijumaa, mvua ikimnyeshea. Mfumo ulimtaka neno la siri, akalitoa. Ukamtaka namba ya simu, akaitoa. Ukamtaka aape kwamba yeye si mashine, akaapa. Ijumaa alasiri akashuka akikohoa. Nyimbo nyingi zilikuwa zimerudi, na pamoja nazo ukurasa wa kwanza wa wimbo wa Mwalimu. Ukurasa wa pili ulikuwa umepotea njiani; haukuwa ofisini, wala haukuwa winguni.

Wakaufungua ule wa kwanza. Bibi Elieshi akapiga yowe.

Ukurasa mzima ulikuwa na nyuso! Nyuso ndogo za manjano, duara kama malimau. Nyingine zilicheka mpaka meno yakaonekana, nyingine zilikuwa zimepinda midomo. Nota zilikuwa zimeliwa, na katika wimbo wa kumlilia Nankondo nyuso zilikuwa zinacheka, mstari kwa mstari.

"Ni mfumo," Kajiru akasema kwa aibu. "Unadhani tunatania."

Nakijwa akaketi. Akaivuta kompyuta karibu, akaanza kuiimba sauti ya pili, ile ambayo yeye mwenyewe huiimba kwayani, na ndiyo pekee aliyoikumbuka. Polepole, kidole kikifuata mstari. Akasimama. Akarudia. Kisha akasema:

"Anayecheka ni do."

"Nini?"

"Kila nukta pacha ikifuatwa na d, mashine imedhani ni macho na mdomo, imeifanya sura inayocheka. Ikifuatwa na s, imeipinda mdomo. Anayecheka ni do. Aliyepinda mdomo ni so. Sauti zote nne ni hivyo hivyo."

Akachukua kalamu, akaziandika upya. Sura ikicheka, anaandika d. Sura ikipinda mdomo, anaandika s. Ukurasa wa kwanza ukafufuka.

"Na wa pili?" akauliza Kajiru.

Bibi Elieshi akakohoa. Akasema, "Mchungaji ameniagiza karatasi zote zilizoharibika nizichome, zisizagae."

"Tunajua, Bibi."

"Mimi sizichomi. Napenda kutandikia makabati. Karatasi yenye maandishi ya kanisa itachomwaje?" Akaenda kwake, akarudi na karatasi yenye duara la mafuta ya taa. Ilikuwa ukurasa wa pili, wino umefifia kama unyayo wa kuku. Wakauinua juani kwenye dirisha. Ukasomeka.

Jumamosi asubuhi, Nakijwa akiwa ofisini anaandika nakala za wanakwaya, likaja gari, akashuka mtaalamu wa kompyuta kutoka mjini, shati limenyooka, amekuja kukagua mfumo mpya. Akaziona karatasi zilizoandikwa kwa mkono, akacheka.

"Dada, mbona mnarudi nyuma? Chapa hapa. Utaona ilivyo rahisi."

Nakijwa akachapa nukta pacha, akachapa d. Sura ikacheka.

"Iondoe," akasema.

"Ah, hilo ni pambo tu. Watu wanalipenda."

"Watu gani?"

Mtaalamu akaitengeneza kola ya shati lake. "Watu kwa ujumla."

"Walikuja kutuuliza lini?"

"Dada yangu, mabadiliko hayana breki. Mwanzoni mtalalamika, halafu mtazoea."

Nakijwa, aliyekuwa akiona haya hata kuomba chumvi kwa jirani, akaiweka kalamu chini. Mtoto akajitikisa mgongoni. Nakijwa akainuka.

"Hatutazoea," akasema. "Tulisema Baadaye miezi mitano. Hiyo ilikuwa hapana ya watu wenye adabu. Mkaiondoa hapana yetu, mkatuachia ndiyo peke yake, halafu mnasema tumekubali. Kesho mzee anamlilia mkewe mbele ya kaburi. Mashine yenu inacheka msibani. Kalamu yangu haicheki."

Akaifunga kompyuta, *pa!*, akaendelea kuandika. Mtaalamu akasema atasubiri kwenye gari.

Nakala kumi ziliandikwa, kila moja kwa wanakwaya watatu. Mchana kutwa wakajifunza. Jumapili wakaimba kaburini kwa Nankondo, sauti nne, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Mwalimu Mbonea alisimama amegeuza uso kule sauti zilikotoka, na mdomo wake ukawa unawatangulia kwa neno moja, maana wimbo ulikuwa umemrudia. Hapakuwa na jicho kavu. Hata yule mtaalamu, aliyelala usharikani kwa sababu barabara iliharibika, alionekana akipenga kamasi.

Baada ya ibada Mwalimu akaketi barazani kwake, akaweka fimbo magotini. "Sasa," akasema, "nani ameniletea wimbo wangu?"

Kajiru akasema: "Ni mimi, Mwalimu. Nilikaa siku mbili Kwa Halo na mvua. Kama nisingepanda, ukurasa wa kwanza ungekuwa bado winguni. Mtu hawezi kusoma kitu ambacho hakipo."

Bibi Elieshi akasema: "Ungekuwa winguni kwa sababu nani aliupeleka? Kidole cha nani kilikubali? Mtu huchoma nyumba halafu hudai asifiwe kwa kuleta ndoo?"

"Bibi, hapakuwa na neno lingine la kubonyeza!"

"Palikuwa na kitufe cha kuzima. Hata mimi nakijua, nakipangusa kila siku. Mwalimu, ni mimi. Ukurasa wa pili haukuwepo popote chini ya jua ila kabatini kwangu."

Kajiru akasema: "Lakini uliagizwa uzichome, ukakaidi. Na hukuuhifadhi kwa kuupenda wimbo. Uliweka kibatari juu yake."

"Ningetii, leo mngeimba moshi," akasema Bibi Elieshi, na watu wakacheka.

"Na wewe, Mama Elinipa?" akauliza Mwalimu. "Mbona kimya?"

Nakijwa akashika ncha ya kanga yake. Akasema, mwanzoni kwa sauti ndogo, kisha wote wakaisikia: "Kaka Kajiru alileta nyuso. Bibi alileta kivuli cha wino. Mimi ndiye niliyezifanya nota. Na mkono huu ndio ulioandika nakala kumi. Ni mimi, Mwalimu."

Kajiru akasema: "Kweli. Lakini mwambie Mwalimu kile alichokuagiza tangu mwanzo."

Nakijwa akainamisha kichwa. "Aliniagiza kila tunachochapa, jioni nikinakili kwenye daftari."

"Ulinakili?" akauliza Kajiru.

"Juma la kwanza, ndiyo. Baadaye niliiamini mashine. Mtoto alikuwa anaota meno, nikasema kompyuta inatunza."

"Basi kama ungenakili," akasema Bibi Elieshi, bila ukali, "huyu asingelowa na mimi nisingevua kabati langu nguo."

"Ni kweli," akasema Nakijwa. Lakini hakulirudisha nyuma neno lake. "Kosa ni langu. Na wimbo nimeuleta."

Mwalimu akaipapasa fimbo toka ncha hadi ncha. Aliyepanda mlima ndiye aliyebonyeza. Aliyehifadhi ndiye aliyekaidi. Aliyesoma ndiye aliyezembea. Akasema: "Nendeni. Njooni kesho asubuhi."

Jumatatu asubuhi Kajiru alifika barazani amevaa shati jeupe. Bibi Elieshi alifika amejifunga kanga mpya. Mwalimu akanyoosha mkono hewani, akagusa mabega mawili, akatafuta la tatu.

"Mama Elinipa yuko wapi?"

Hakuna aliyejua.

Nakijwa alikuwa amepita dukani mapema, akanunua daftari, kaunta buku nene kuliko zote, akaenda ofisini na mtoto mgongoni. Akaiwasha kompyuta. Ikamuuliza: *Je, umeupenda mfumo mpya?* Chini yake palikuwa na majibu mawili: *Ndiyo*, na *Ndiyo sana*. Hakubonyeza hata moja. Akaufungua wimbo wa kwanza kati ya zile zilizoshuka kutoka winguni, nyuso zikamchekea kuanzia juu hadi chini, naye akafungua ukurasa wa kwanza wa buku, na kila palipochekwa akaandika d.

Na kule barazani, Mwalimu Mbonea bado ameishika fimbo, wawili wamesimama mbele yake, mmoja hayupo. Nanyi mliokaa hapa mkinisikiliza mmewasikia wote watatu, sifa zao na makosa yao. Je, nani alistahili kupewa fimbo?