Zipu Iliyoganda Sukari

Wapendwa, Bwana awape furaha asubuhi hii. Naona wengine mmeshaanza kuvuta zipu. Acheni kwanza. Maandiko tutayafungua, hayakimbii. Nawaomba makava yenu ya Biblia yabaki yamefungwa hivyo hivyo magotini mpaka nitakapowaambia. Leo tunaanza na mfano.

Mnanijua mimi ni mtu wa safari. Nimehubiri Sumbawanga begi langu likiwa limeshukia Tunduma. Nimehubiri Bukavu nimevaa suruali ya kuazima kwa mwenyeji wangu, mtu mfupi kuliko mimi kwa shubiri nzima, na waumini wakadhani ndiyo mitindo ya Tanzania. Kwa hiyo nikisema nimeona masoko mengi, niaminini. Soko la mfano huu lakini msiniulize liko wapi. Liko popote pauzwapo juisi ya miwa.

Kulikuwa na mama mmoja aliyelea watoto wanne kwa mashine ya kukamua miwa. Mnaijua ile yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono, muwa unaingia umenona upande huu unatoka umekonda upande wa pili, na ndimu na tangawizi katikati. Juisi yake ilikuwa tamu mpaka wateja walikuwa wanafumba macho wakinywa. Sasa niambieni, kwenye miwa nani mwingine hufika bila kualikwa? Nyuki! Umesema vizuri, mama wa kwaya. Nyuki walikuwa wateja wake wa kudumu.

Siku moja nyuki mmoja, mmoja tu, akamuuma mkononi. Wewe na mimi tungepaka mate tukaendelea. Yeye alivimba midomo, akavimba macho, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Alifika hospitali akiwa amebebwa. Alipopata nafuu daktari akamwambia, "Mama, una aleji ya nyuki, tena ile kali. Ukiumwa tena, koo linaweza kuziba kabla hujafika hapa. Tafuta biashara nyingine."

Mama akamtazama. "Daktari, wewe kila siku watu wanakukoholea usoni. Umetafuta biashara nyingine?"

Daktari akacheka, akaandika dawa. Ikaagizwa kwa shida, ikafika: sindano ya dharura, umbo lake kama kalamu nene. Akaelekezwa. Ukianza kuvimba, toa kifuniko, kandamiza kwenye paja, hata juu ya kanga, hesabu mpaka kumi, kisha kimbilia hospitali. "Isikae juani," daktari akasema, "na isikae nyumbani. Ikae mwilini mwako."

Mwilini wapi? Akaiweka kifuani, ikamtoka alipoinama kuokota muwa. Akaifunga kwenye pindo la kanga, ikadondoka kwenye ndoo ya makapi, na makapi yale yalikuwa yanangojewa na mbuzi wa jirani. Hapo akasema hapana, akaenda kwa fundi wa ngozi.

Fundi huyu alikuwa na jina mjini. Kazi yake kubwa ilikuwa kushona makava ya kubebea Neno. Yale yenye mkono wa kushikia, kijimfuko cha kalamu, kijimfuko cha bahasha ya sadaka, na zipu inayozunguka pande tatu. Kava lake ukilidondosha kwenye dimbwi la masika, ndani hakuingii hata unyevu. Miaka ishirini hakushona kingine.

"Fundi, nataka mfuko wa kuvaa kiunoni. Wa kubebea uhai wangu."

"Mama, umefika. Mimi nikifunga kitu, kimefungwa."

Na kweli alifunga. Akatoa ngozi ya kahawia inayong'aa, ndani akatandika sponji dhidi ya joto. Akatia zipu. Juu ya zipu akashona mfuniko. Juu ya mfuniko akaweka kishikizo, na juu ya kishikizo ukanda wenye bizimu la chuma kama wa kiatu cha askari. Pembeni akachora maua. Mama alipoupokea alitokwa na machozi kwa uzuri wake. Akauvaa chini ya kanga, wezi wa sokoni wasiuone, akarudi kukamua miwa kwa amani.

Wiki tatu zikapita. Fundi akaja sokoni na mteja wake, mzee wa kanisa mmoja, kumwonyesha kazi ya mikono yake.

"Mama, hebu mfunulie mzee auone."

Mama akacheka. "Fundi, leo umekuja kunywa juisi au kutangaza biashara?" Akafunua kanga kidogo, na hapo hapo akajipiga kofi shingoni. Wakadhani anatania. Alipoutoa mkono, kiganjani kulikuwa na nyuki.

Hakupiga kelele. Aliangalia mfuko wake, akaanza kufungua. Bizimu likafunguka. Kishikizo kikamsumbua, kwa sababu vidole vilikuwa vimeshaanza kuvimba. Alipofika kwenye zipu macho yalikuwa yanaziba, akakaa chini kwenye makapi ya miwa na kumnyooshea fundi kidole, maana yake: wewe uliyefunga, fungua.

Fundi akapiga magoti, akavuta zipu. Haikutembea. Akavuta tena. Wapendwa, wiki tatu za juisi zilikuwa zimepenya kanga na mfuniko tone kwa tone, zikakauka kwenye meno ya zipu. Sukari ilikuwa imeganda kama gundi. Fundi aliyewafungia watu wote makava yao hakuweza kufungua mfuko alioushona mwenyewe.

Jirani wa mama alikuwa muuza mitumba, mtu wa kipaza sauti, asiyejua kunong'ona. Akaja mbio na kisu cha kumenyea miwa. "Kata!"

Na fundi, Mungu amsamehe, akasema, "Ngoja! Kitaharibika!"

"Nini kitaharibika?" muuza mitumba akanguruma, na kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, soko zima likasikia. "Mfuko, au mama wa watu?"

Niwaulize na mimi. Ninyi mngejibuje? Msinijibu haraka.

Fundi akashika kisu. Akapasua ngozi ya kahawia, akapasua maua, akapasua sponji. Kalamu ikatoka. Muuza mitumba akaikandamiza kwenye paja la mama juu ya kanga, na akahesabu mpaka kumi kwenye kipaza sauti, na soko likahesabu naye, wauza nyanya, wauza dagaa, hata wale waliokuwa wanagombana kwenye mizani. Walipofika kumi mama akavuta pumzi. Wakampakia kwenye bajaji kwenda hospitali. Na maneno yake ya kwanza aliyosema njiani mnajua ni yapi? "Nani kabaki na mashine yangu? Wasinimalizie ndimu!" Basi wakajua amepona.

Baada ya siku chache akaenda kwa fundi na ule mfuko uliopasuka. Fundi hakuweza kumtazama usoni. "Mama, nipe niushone tena. Nitaweka zipu ya chuma."

"Mwanangu, usiushone. Huu ulitunza dawa vizuri sana. Mimi nataka wa kunitunza mimi."

"Ukoje huo?"

"Fumba macho." Akafumba. "Nipe mikono." Akammiminia juisi ya miwa viganjani, akamwambia aitikise kama mtu mwenye homa. "Sasa shona kitu ambacho mikono hii inaweza kukifungua."

Alishona minne, yote akaitupa. Kila jaribio alilipeleka sokoni. Mama wa maandazi alijaribu kufungua na unga mkononi, muuza dagaa na magamba yake, bibi mmoja asiyejua kusoma. Wa tano ndio ukashinda. Ulikuwa wa turubai, mwekundu kama gari la zimamoto, unavaliwa juu ya nguo na kuning'inia begani. Hakuna zipu, hakuna bizimu. Kuna kile kikanda cha kunata cha viatu vya watoto wa chekechea, unakikwanyua mara moja kinalia krrraaa. Na mbele fundi alichora paja na kalamu, ili hata mgeni aliyeshuka kwenye basi leo ajue pa kukandamizia.

Mama akajitazama kwenye kioo. "Fundi, nafanana na kondakta."

"Kondakta aliye hai, mama."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Siku ile ile akawakusanya majirani, dawa mpya ikiwa ndani, akawaonyesha namna ya kufungua na kukandamiza. Fundi akasimama pembeni akitazama kitu kibaya kuliko vyote alivyowahi kushona, na hakuna kazi nyingine aliyoionea fahari kama ile.

Sasa sisi.

Yule fundi alikosea kwa sababu gani? Alijua kushona kitu kimoja tu, na ninyi mmekishika magotini. Tazameni. Mkono wa kushikia upo? Kijimfuko cha sadaka kipo? Zipu pande tatu? Ee. Nami ninalo, hili hapa, zawadi yenu ya mwaka jana. Naomba niungame mbele yenu: zipu yake ilikwama wiki mbili baada ya Pasaka. Jumapili tatu nimehubiri kwa kukumbuka kumbuka tu, nanyi mkanifuata mlangoni mkisema, "Mchungaji siku hizi anahubiri kutoka moyoni!" Moyoni wapi? Zipu ilikuwa imekataa.

Ndugu zangu, Neno kwetu limetunzwa vizuri mno. Haliingii vumbi, haliingii mvua. Wala halitoki. Jumatatu jirani yako anavimba kwa uchungu, mwanao pumzi inapiga filimbi, mke wako ananyoosha kidole kiunoni mwako kwa sababu anajua dawa unayo, na wewe unapapasa vishikizo. Kuna neno la faraja umelifungia ndani miaka. Kuna "nisamehe" umeitia sponji isipate joto. Kuna aibu yako mwenyewe umeificha chini ya kanga, na wanaokupenda hawajui hata pa kushika siku utakapoanguka. Tunaogopa kitaharibika. Heshima itaharibika, sura itaharibika. Wapendwa, kipi kiharibike, mfuko au mtu?

Tuvae dawa yetu mahali panapoonekana. Tufanane na makondakta. Tuwafundishe majirani namna ya kutufungua, na tujifunze namna ya kuwafungua wao.

Haya, ule wakati umefika. Shikeni zipu zenu. Nataka nisikie kanisa zima kwa pamoja: moja, mbili, tatu, vuta!

Aah. Sauti nzuri kama nini! Ambaye yake imekataa, ageuke kwa jirani amsaidie, asione haya.

Na hili langu, bado limekwama.

Nani ana kisu?