Kimya cha Sheikh Dhakwan Barazani

Wamesimulia wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyokuwa, kwamba katika mji mmoja wa Iraki, kando ya mto Dijla, palikuwa na nyumba ya wakfu ya kuwauguza wagonjwa wasio na jamaa. Humo walilazwa wasafiri walioangushwa na homa njiani, vipofu, na waliopooza wasioweza hata kujigeuza. Mambo yake yalisimamiwa na watu watatu, waliokutana kila Ijumaa baada ya sala. Hawakulipwa. Ujira wao ulikuwa kwa Mola wao, na huo ndio ujira unaotutoka akilini upesi sisi tunaopenda kutajwa majina.

Wa kwanza alikuwa Sheikh Dhakwan, mfanyabiashara wa ngozi, mtu wa sala na saumu, aliyeingia katika baraza hilo ndevu zake zikiwa bado nyeusi. Wa pili alikuwa Bibi Sufana, mjane mcha Mungu aliyehamia kutoka Yemeni. Wa tatu alikuwa Shurahbil, aliyefunzwa biashara na Dhakwan mwenyewe, dukani mwake, naye akimwita ami kwa heshima. Alipofariki msimamizi mkuu aliyekuwa juu yao watatu, mji mzima ulijua kwamba cheo ni cha Dhakwan, na Dhakwan alijua kuliko mji mzima. Kadhi akamteua Shurahbil.

Wahenga walisema hasidi hana sababu. Dhakwan aliona yeye anayo, tena ya kutosha. Alipopita sokoni akasikia watu wakimwombea Shurahbil dua, kifua kilimwaka. Alikionea wivu hata kilemba chake, na tabasamu la wagonjwa kila kijana yule alipoingia. "Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mizani," alijiambia, "leo nimwombe ruhusa ya kusema!" Usoni hakuonyesha kitu. Alimsalimia vizuri, akamuulizia na watoto.

Basi siku moja Shurahbil alileta shauri barazani. Nyumba ya wakfu ilikuwa imejaa, wagonjwa wamebanana. Alikuwa amepata nyumba kubwa katika mtaa wa bondeni, yenye ua na kivuli, kwa bei nafuu. Akaeleza yote, kisha akauliza kama kuna mwenye neno.

Dhakwan alikuwa na neno. Alizaliwa mtaa ule. Utotoni aliuona mto ukifura, na maji yakichimbuka chini ya sakafu za nyumba zilezile watu wakiwa wamelala. Jirani yao aliyekuwa mgonjwa kitandani alikufa maji. Walioyajua hayo walikwisha kufa au kuhama, na muuzaji hakuwa na haja ya kuyataja. Lakini Dhakwan alipotaka kufungua kinywa, nafsi ilimnong'oneza: ukisema, ataepuka kosa, na watu watamsifu kwa kusikiliza ushauri. Mwache aaibike.

Bibi Sufana akamgeukia. "Sheikh, wewe ni mzaliwa wa kule. Huna la kutuambia?"

"Aliyepewa uongozi ndiye ajuaye," alijibu Dhakwan, akivuta uradi.

Hakusema uongo. Tazameni ulimi unavyoweza kuwa safi na moyo ukawa jalala. Na kwa desturi ya baraza lile, aliyenyamaza amekubali. Nyumba ikanunuliwa, wagonjwa wakahamishiwa huko, na waliopooza wakalazwa chumba cha chini ili wasipandishwe ngazi.

Siku zikapita, theluji ya milimani ikaanza kuyeyuka, mto ukapanda. Dhakwan alikwenda kuutazama kila asubuhi, na kila ulipopanda alirudi nyumbani mwepesi. Ijumaa moja, watu walipokwisha kutoka msikitini, alibaki akasujudu peke yake, akiomba: "Ewe Mola, lidhihirishe kosa la Shurahbil. Waonyeshe watu." Akaomba tena, kwa unyenyekevu mkubwa. Kisha akaganda, paji la uso likiwa bado mkekani, kwa kuwa alitambua anachokiomba. Kosa la Shurahbil lingedhihirika kwa njia moja tu, nayo ni maji kuingia chumba cha waliopooza. Alikuwa anamwomba Mwingi wa Rehema awazamishe wagonjwa ili yeye afurahi.

Akainuka analia. Akatoka bila viatu mpaka barazani, ambako wenzake walikuwa wameketi na baadhi ya watu wa mji.

"Wahamisheni wagonjwa leo," akasema. "Mtaa ule maji hutoka chini ya sakafu. Niliyaona kwa macho yangu."

Shurahbil alishtuka. "Ami, tulikuuliza. Kwa nini hukusema?"

Hapa pana milango mingi ya kutokea, na kila mmoja wetu anaijua: nilisahau, sikuwa na hakika, sikutaka kukuvunja moyo. Dhakwan hakupita hata mmoja. "Kwa sababu nilikuonea wivu," akasema mbele ya watu wote. "Nilitaka uanguke, nami nisionekane nimekusukuma."

Watu wakaguna. Mmoja akasema huu nao ni wivu uleule, mzee anataka kuiharibu kazi ya kijana. Shurahbil mwenyewe akasita, maana nyumba ilikwisha kununuliwa kwa mali ya wakfu. Ndipo Bibi Sufana aliposema, "Mwanangu, mwenye wivu akija kukutahadharisha huku anajiaibisha mwenyewe, mwamini. Nafsi haimtumi mtu kazi ya namna hiyo."

Siku ileile wagonjwa walirudishwa kwenye nyumba ya zamani, Dhakwan na Shurahbil wakiwabeba mgongoni waliopooza. Na maji hayakuja.

Hayakuja mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Nyumba ya bondeni ikafungwa. Wasimamizi walimweleza hatari yake kila aliyetaka kuinunua, kwa hiyo hakupatikana mnunuzi. Wagonjwa wakaendelea kubanana, na watu walikwisha kujua wa kumlaumu. Walipita dukani wakimtania, "Sheikh, maji yamefika wapi leo?" Waliomheshimu zamani wakamwita hasidi, naye hakuweza kulikana jina hilo kwa sababu alijipa mwenyewe. Hatukusimuliwa kwamba wivu ulimtoka. Tumesimuliwa kwamba kila Ijumaa alikwenda nao barazani, akaketi nao, na alipoulizwa alisema alijualo, hata pale neno lake lilipomnufaisha Shurahbil. Alisubiri hivyo mpaka alipofariki, na waliomzika walikuwa wachache.

Mwaka uleule aliozikwa, theluji ilipoyeyuka, mto ulifura kuliko kawaida. Watu walipotoka sala ya alfajiri, Shurahbil aliteremka bondeni akaufungua mlango wa nyumba ile. Katika chumba cha chini, pale walipokuwa wamelazwa waliopooza, maji yalimfika kifuani. Alisimama humo akilia mpaka watu wakaja kumvuta. Wakamuuliza analia nini, na hakuna aliyedhurika.

"Ami yangu alinionea wivu kwa sababu ya cheo," akasema, "na cheo chenyewe nitakwenda kuulizwa. Leo mimi ndiye ninayemwonea yeye wivu. Laiti ningekuwa na siku moja kama ile yake, nikakutane nayo na Mola wangu."

Ndugu zangu mlioketi katika kamati za misikiti, za madrasa na za nyumba za mayatima, msiinamishe vichwa, nasema na nafsi yangu pia. Mtu hawekwi barazani awe pambo. Tutaulizwa tuliyoyasema, na tutaulizwa tuliyoyajua tukayanyamazia, nao walemavu wa chumba cha chini watakuwapo siku hiyo. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Dhakwan, na atujaalie ndimi zisizongoja moyo utakasike ndipo ziseme haki. Amin.