Marehemu Asiye na Jumuiya

Tulieni, wapendwa, leo sitawachosha. Palikuwa na mwenyekiti mmoja wa jumuiya, katika parokia iliyopakana na kambi ya wakimbizi. Mtu wa watu, lakini kwenye utaratibu, jamani, hana mchezo! Daftari la mahudhurio alilibeba kwapani hata akienda kuchunga mbuzi. Usiposali jumuiya, ukifiwa utajijua mwenyewe.

Asubuhi moja akaja mama kutoka kambini. Mumewe amefariki, na hana mtu wa kumchimbia kaburi.

"Pole sana, mama. Mlikuwa mnasali jumuiya gani?"

"Ya kwetu, baba. Tuliiacha huko vitani."

"Basi niletee barua ya mwenyekiti wenu."

"Mwenyekiti wetu alikuwa ni huyu marehemu."

Moyo ulimuuma mwenyekiti, kweli ulimuuma. Lakini akimlegezea mmoja, kesho nani atakuja kusali? Akamwambia mama amsubiri padre.

Padre akafika na pikipiki yake kutoka makanisa ya vigangoni, matope hadi magotini. Akasikiliza yote, wala hakugomba. "Mwenyekiti, hebu nitafutie jina langu humo daftarini."

Mwenyekiti akapekua ukurasa kwa ukurasa. "Halimo, padre."

"Miaka kumi na mmoja nazika watu wenu. Kwetu ni mbali, ndugu hapa sina. Nikifa kesho, mtaniacha nioze?"

"Ah, padre! Wewe si wetu?"

"Nani kasema? Barua yangu iko wapi?"

Mwenyekiti akaona aibu, ile ya kutamani ardhi ipasuke. Akaenda kutafuta majembe, akagonga mlango wa kila mwanajumuiya, na kabla ya saa sita kaburi lilikuwa tayari.

Naona mnamcheka. Mcheke taratibu! Ni nani kati yetu hajawahi kuuliza "Huyu ni wa kwetu?" kabla ya kuuliza "Ana shida gani?" Utaratibu ni mzuri, hata mimi naupenda. Lakini Bwana wetu mwenyewe alizikwa katika kaburi la mtu, na mwenye kaburi hakudai barua.

Sasa nisikilizeni. Jana kule kambini amefariki bibi mmoja. Hana mtoto, hana jumuiya. Tukimaliza misa hii nakwenda kumzika.

Nani anakuja nami?