Kibuyu cha Mghoi

Fumbeni macho kidogo, wanangu. Mnakiona kile kilima kilichotandwa na ukungu, mweupe, kimya, hata majogoo wanawika kama wamo usingizini?

Hapo zamani, pale kilimani, kila mtoto alikuwa na kibuyu chake cha maji mlangoni. Mtoto akikanwa na mtu wa kwao, kibuyu kilijipindua chenyewe, naye akaanza kuyeyuka, kuwa ukungu. Mkono mmoja tu uliweza kukiinua na kumrudisha mtoto: wa yule aliyemkana. Mkono mwingine ungekigusa, kingepasuka.

Binti mmoja, Mghoi, aliwanywesha wageni wenye kiu kwenye chemchemi ya ukoo, jambo lililokatazwa. Wazee wakaja mlangoni.

“Huyu ni wenu? Kama ni wenu, hamteki tena maji hapa.”

Baba yake, Mwandoe, akawatazama wanawe wadogo, akasema, “Simjui.” Mara tatu akasema, “Simjui.”

Mama yake, Wakesho, alikuwa akitwanga. Mghoi akaita, “Mama!” Mchi ukazidi kupiga.

Kaka yake, Mwadime, akapaza sauti, “Huyu ni dada yangu!” Lakini kabla jua halijazama alikuwa amejinyoosha kitandani kwa Mghoi, na jembe la Mghoi amempa mkewe.

Jioni kibuyu kikakutwa kimepinduka. Hakuna aliyeona kilipinduka saa ngapi.

Mghoi akaishi ukunguni, mwepesi kama moshi. Kila alfajiri alikuta njiani kiazi cha moto, kimefungwa kwa jani la mgomba. Lile fundo alilijua. Lilikuwa la baba yake.

Mvua ziliponyesha, wazee wakalegea. “Arudi, kama kibuyu kitainuka.”

Mghoi akasimama uani. Magoti yake alikuwa hayaoni tena.

“Nitainua mimi,” akasema Mwandoe. “Ni mimi niliyetamka.”

“Baba, na vile viazi ulikuwa unampelekea fisi?” akauliza Mwadime. “Mtu hamlishi asiyemjua. Niache mimi.”

“Wewe uliyempigania, kisha ukalala kitandani kwake hata hakijapoa?”

“Ndiyo maana nasema niache mimi!”

Wakesho akaweka mchi chini. “Aliniita,” akasema. “Nilisikia.”

Mikono mitatu ikanyooka juu ya kibuyu kimoja.

Je, wanangu, nani alimkana Mghoi? Semeni, lakini polepole. Nawaomba mkumbuke jambo moja tu: yeye yuko pale uani, na analisikia kila jina mnalolitaja.