Shamba la Mzee Mwadime na Pasipoti za Wanawe

Sogeeni karibu. Aliyeshika simu na aiweke chini, maana hadithi hii ina ndugu watatu tu, lakini kila mmoja wao anataka asikilizwe yeye peke yake.

Kulikuwa na fundi wa mashine za kusaga unga, Mzee Mwadime, mkazi wa vilima vya Wundanyi, Taita. Mkewe alifariki akamwachia watoto watatu na shamba lenye chemchemi isiyokauka hata kiangazi kikali. Watoto hao walilelewa nyumba moja na kula sufuria moja. Walipokua, kila mmoja akashika uraia wa namna yake.

Wakesho, kifungua mimba, alikuwa raia wa Kenya na wa Kenya tu. Alikuwa meja jeshini, na jeshi halimtaki mtu wa nchi mbili. Mchumba wake alipohamia ng'ambo na kumsihi amfuate wakachukue uraia wa huko, Wakesho alimrudishia pete. Kipaji chake kilikuwa kuaminika. Akilitamka jambo mbele ya askari, wawe wa kwao au wa kwingine, walilichukua kama lilivyo.

Mghanga, wa pili, alikuwa na nchi mbili. Alioa ng'ambo, akapewa uraia wa huko bila kuacha wa kwao, akatembea na pasipoti moja mfuko wa kulia na nyingine mfuko wa kushoto. Kipaji chake kilikuwa kupita. Mlango uliofungwa kwa Mkenya aliufungua kwa pasipoti ya ng'ambo, na uliofungwa kwa watu wa ng'ambo aliufungua kwa ile ya Kenya.

Mkawasi, kitindamimba, naye alikuwa na nchi moja, ila haikuwa Kenya. Alikuwa muuguzi katika nchi ya baridi ambayo haikukubali raia wake awe na nchi ya pili. Aliambiwa achague, akaurudisha uraia wa Kenya huku analia. Kipaji chake kilikuwa nchi hiyo yenyewe: ilikuwa haimwachi raia wake popote alipokwama.

Hawakupendana, na sitawaficha hilo. Wakesho alimwita kaka yake popo, si ndege si mnyama, na Mkawasi mgeni. Wao wakamwita yeye bawabu, mlinzi wa geti ambalo hakuna aliyemwomba alilinde.

Basi Mzee Mwadime akapata kazi ya kufunga mashine ya kusaga katika nchi moja ya kaskazini. Hajamaliza kukaza nati, vita vikalipuka. Mji aliokuwemo uligawanywa na mto: waasi ng'ambo hii, serikali ng'ambo ile, katikati daraja moja. Waasi walimkamata mzee kwa kosa la kutengeneza jenereta ya kambi ya serikali. Wakamfungia kwenye ghala la pamba, na mguu wake wenye kidonda ukaanza kuoza.

Habari zikafika nyumbani. Ndugu watatu, ambao hawakuwa wamezungumza kwa miaka mingi, wakapigiana simu.

Mghanga ndiye aliyemtoa ghalani. Waasi walikuwa hawawataki Wakenya, ila watu wa nchi yake ya pili waliwaheshimu, wakitumaini kutambuliwa nayo. Akaingia kwa pasipoti ile, akala na makamanda wao, akawabembeleza mpaka wakamkabidhi mzee. Kwenye kizuizi cha mwisho askari mmoja wa waasi akampekua, akakuta pasipoti ya pili ndani ya soksi.

"Kumbe wewe ni nani hasa?" askari akamuuliza.

"Mimi ni mtoto wa huyu mzee."

"Sikukuuliza baba yako. Nimekuuliza nchi yako."

Walimpiga kwa vitako vya bunduki mpaka damu ikamtoka sikioni. Akaupigia simu ubalozi wa nchi yake ya pili, akajibiwa kwa upole kwamba kwa kuwa alikuwa na nchi nyingine pia, aiombe hiyo kwanza. Walipochoka kumpiga wakamwachia, akambeba baba yake mgongoni mpaka penye daraja. Sikio lile halisikii tena hadi leo.

Wakesho ndiye aliyewavusha darajani. Alikuwa upande wa serikali miongoni mwa maofisa waliotumwa kusimamia usitishaji vita, na alipokelewa kwa sababu hapakuwa na nchi nyingine ya kumtilia shaka nayo. Kamanda wa serikali alikuwa ameapa kwamba mtu yeyote wa nchi ile ya pili ya Mghanga, nchi iliyokuwa ikiwapigia waasi debe, akikanyaga daraja atapigwa risasi.

"Meja, hawa wawili ni watu gani?" kamanda akamuuliza, darubini mkononi.

"Wakenya."

"Wakenya tu?"

Wakesho hakuwa amewahi kusema uongo akiwa amevaa sare. Alimwona baba yake ng'ambo ya pili amelala juu ya mgongo wa popo wake.

"Wakenya tu," akasema.

Bunduki zikainamishwa, wakavuka. Baadaye kamanda akagundua ukweli, akashtaki. Wakesho akarudishwa Nairobi, akavuliwa cheo chake na kuachishwa jeshi.

Mkawasi ndiye aliyempandisha ndege. Barabara zote zilikuwa zimekatika, na mguu wa mzee usingesubiri. Ndege pekee iliyothubutu kutua ilikuwa ya ile nchi ya baridi, ikiwafuata raia wake na wazazi wao. Mkawasi aliomba kuja na ndege hiyo kama muuguzi. Lakini mzee alilala kwenye machela, machela ikachukua nafasi ya watu wawili, na rubani akasema lazima mtu mmoja ashuke.

"Nitashuka mimi," akasema Mkawasi.

"Wewe ndiye raia," rubani akashangaa. "Huyu anapanda kwa ajili yako."

"Basi mpeleke kwa ajili yangu."

Mzee akafika hospitali, mguu ukakatwa, roho ikabaki. Mkawasi alibaki katika mji ule mabomu yakidondoka, hata barabara zikafunguliwa. Alipotoka mikono yake ilikuwa inatetemeka, na haijaacha. Muuguzi asiyeweza kushika sindano.

Sasa tungeweza kuishia hapa tukashukuru. Lakini Mzee Mwadime aliporudi Wundanyi kwa magongo aliwaita wanawe watatu sebuleni, akawaambia hivi:

"Mimi sina muda mrefu. Shamba hili silikati. Mmeona majirani walivyoyakata yao mpaka mbuzi akigeuka anakula mahindi ya watu watatu. Litaandikwa jina la mmoja, na wengine watakuwa wageni wake. Nitampa aliyeniokoa."

Yangekuwa maneno ya baraka, lakini yalianguka pale kama jiwe kwenye vyombo.

"Basi ni langu," Mghanga akasema, akigeuza sikio lake zima. "Mimi ndiye niliyemtoa. Nyinyi mlimpokea tu."

"Ulimtoa ukamfikisha wapi?" Wakesho akamrukia. "Kwenye mdomo wa bunduki! Pasipoti yako ndiyo iliyotaka kumuua. Nisingesema uongo kwa ajili yako, mngezikwa wawili."

"Nani aliyekuambia useme uongo? Ungesema kweli tuone."

"Na nyote wawili mngebaki na maiti," akasema Mkawasi. "Ndege ilikuwa ya nani?"

Wakesho akamgeukia. Alikuwa amelisubiri neno hilo miaka mingi. "Ilikuwa ya kwenu. Na huko kwenu ndiko kwenye shamba lako. Hapa sheria haimpi mgeni ardhi ya kilimo kuwa yake moja kwa moja. Uliiuza Kenya, leo unaidai chemchemi yake?"

"Mimi nilizaliwa chumba kile pale! Uraia wangu naweza kuuomba upya."

"Omba basi! Kule watakufuta, na kule ndiko mikono yako inakotibiwa. Utaacha?"

Mkawasi alikalia mikono yake.

"Usimwonee," Mghanga akasema, lakini si kwa huruma. "Hata wewe, dada, hulitaki shamba. Unataka ushindi. Mimi nina watoto watakaolirithi."

"Watoto ambao hata hawajui njia ya chemchemi! Hapa pakiwa pazuri utakuwa Mtaita. Pakiharibika, utatoa ule mfuko mwingine. Mwaka wa vurugu za uchaguzi ulikuwa wapi? Uliondoka na ndege ya kwanza, baba akalala macho na panga mlangoni."

"Niliondoka kwa sababu niliweza. Ungeweza, ungebaki?"

"Niliweza!" Wakesho alipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika uani. "Nilipewa uraia huo pamoja na mume, nikavikataa vyote viwili. Nikabaki na nchi moja, na nchi hiyo moja imenivua nguo kwa ajili yenu. Wewe umepoteza sikio, una nchi mbili za kukutibu. Huyu amepoteza mikono, ana nchi inayomlipa akiwa kitandani. Mimi nimepoteza cheo na sina mlango wa pili wa kubisha!"

Hakuna aliyemfariji. Kila mmoja alitazama kwake, na Wakesho akajiona anawachukia kwa chuki safi isiyo na aibu. Kilichomkera zaidi ni kwamba katika kichwa chake cha kijeshi hesabu ilikuwa wazi: bila popo, baba angekufia ghalani, bila mgeni, angekufia barabarani, bila yeye, angekufia darajani. Wangekuwa wote na nchi moja kama yeye, mzee angekuwa kaburini. Wangekuwa wote na mbili, au wote wamebadili, vilevile.

Mzee Mwadime akagonga sakafu kwa gongo.

"Mnanifanya nijute kuvuka lile daraja," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya hasira. "Nimewasikia. Kila mmoja amenivuta pale ambapo wengine wasingeweza kunivuta, na kila mmoja amelipa kwa mwili au kwa jina lake. Mimi nimeshindwa. Wakesho."

"Baba."

"Wewe ni mkubwa. Na nimekujua tangu utoto, hukuwahi kunidanganya. Taja jina. Utakalolitaja ndilo nitakaloliandikisha kesho kwa msajili, hata likiwa lako. Sitauliza sababu."

Mghanga akasimama. "Baba, huwezi kumpa mchezaji filimbi ya refa!"

"Kaa chini."

Akakaa. Mkawasi alimtazama dada yake moja kwa moja, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na macho yake hayakuomba kitu. Yalikuwa makavu na makali, macho ya mtu anayejua atakachosikia.

Wakesho akafungua mdomo. Aseme jina lake? Ndiye angelima, ndiye angekaa, na hana kwingine. Lakini angekuwa amejihukumia mwenyewe. Amtaje Mghanga, anayeweza kurudi na kuondoka apendavyo, lakini mwenye watoto wa kulirithi? Au amtaje Mkawasi, ambaye alishuka kwenye ndege ya nchi yake mwenyewe, na ambaye kulipata shamba ni kuipoteza nchi inayomtibu?

Baba anangoja, gongo mkononi. Wote watatu walimwokoa, na kati yao hakuna hata mmoja anayeweza kusema angemwokoa peke yake.

Wakesho anayo haki ya kutaja jina moja tu. Je, wewe ungemtaja nani?